Sista Alipogombea Useneta

Kwetu Msambweni muuguzi mwanamke huitwa sista, awe Mwislamu au Mkristo, awe na mume au hana. Kwa hiyo wageni wa kutoka bara walipotusikia tukimtaja jirani yangu, walidhani ni mtawa. Siku walipomwona akiteremka kwenye tuktuk na buibui lake, mwavuli kwapani na kapu la muhogo mkononi, huku akimgombeza mumewe kwenye simu kwa ajili ya maharagwe yaliyoungua, walibaki kutazamana.

Alikuwa mkunga hospitalini mpaka akastaafu, na baada ya kustaafu akawa mkunga wa kila mahali. Ukimkuta sokoni anamshika tumbo mwanamke asiyemjua na kumwuliza amelala upande gani. Ukimkuta harusini anamwambia bibi arusi avue viatu, miguu imevimba. Mimi ni fundi wa spika, nakodisha vipaza sauti na mahema, na sherehe nyingi za upande huu nimezisikiliza nikiwa nimekaa nyuma ya mashine zangu. Sikumbuki hata moja ambayo Sista alifika kwa wakati. Ndiye huyo huyo aliyekuwa akiwafukuza wajawazito waliochelewa kliniki kwa robo saa.

Mambo yake mengi yalikuwa hivyo. Alikataza mtaa mzima chumvi, na kwenye mkoba wake mlikuwa na kichupa cha chumvi ya pilipili kwa ajili ya maembe mabichi. Alisema hapendi umbea. Akishasema hapendi umbea, alivuta kiti karibu, akashusha sauti na kuanza: "Huu si umbea, hii ni taarifa." Na mwanamke huyu aliyekuwa haogopi damu wala giza wala mganga mkuu, alikuwa akiogopa kuku. Kuku hai akiingia uani kwake, Sista anapanda juu ya benchi na kuniita mimi jirani nije nimtoe.

Alizungumza na watu wote kama vile wako katika uchungu wa kuzaa. Nilipokwenda kumwambia kwamba baba yangu amefariki, hakuanza na pole. Alinishika mabega akaniambia, "Kaa. Pumua. Tena." Nikapumua. Aliponiona nimetulia ndipo akakaa kando yangu akalia, na akalia kuliko mimi, maana baba alikuwa rafiki yake wa kugombana naye.

Mumewe alifanya kazi kiwandani Ramisi enzi za sukari, mtu mpole, mrefu, asemaye maneno machache na kuyarudia. Naye pia alimwita Sista. Walikuwa na desturi ya kunywa chai ya asubuhi barazani bila kusemeshana, kila mmoja na redio yake. Yeye alisikiliza siasa, mkewe mawaidha. Hakuna aliyepunguza sauti.

Siku Sista alipotutangazia kwamba atagombea useneta, ilikuwa barazani hapo. Mimi nilikuwa nimekwenda kuazima ngazi.

"Hospitali ni ya kaunti," akasema. "Kaunti inasimamiwa na Seneti. Basi mimi naenda Seneti."

Mumewe akazima redio yake. Hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa. "Kwa chama gani?"

"Sina chama. Mgombea huru."

"Mimi nina chama," akasema mumewe. "Tangu nijue kupiga kura nina chama. Nina chama, Sista."

"Najua. Sikukuomba kura. Nakuomba uniazime gari."

Alichotaka ni nyumba ya kusubiri. Wanawake wa Vanga na wa vijiji vya ndani, kule barabara inakogeuka matope mvua ikinyesha, walikuwa wakianza safari uchungu ukishawakaza, na wengine walijifungulia njiani. Yeye alitaka wawe na mahali karibu na hospitali pa kulala siku za mwisho, wale, wapumzike, wangoje. Alikuwa amelisema jambo hilo katika mikutano mingi, na kila mara aliambiwa ni wazo zuri. Alisema amechoka kuambiwa ana wazo zuri.

Basi nyumba yao ikawa na mabango mawili. Ukutani upande wa kushoto wa mlango, picha ya Sista na alama yake ya beseni. Upande wa kulia, picha ya mgombea wa chama cha mumewe, mwanamume wa makamo mwenye suti, mtu mwenye helikopta na nyimbo mbili zilizotungwa kwa jina lake. Watu walikuja kutoka Kinondo kutazama ukuta huo. Nilimwuliza Sista kama haoni haya. Akasema, "Nyumba ni yetu sote wawili. Yeye ana upande wake." Halafu akasogeza bango lake kidogo, likawa juu zaidi ya lile lingine.

Nilimkodishia spika kwa bei ya matanga, ambayo ndiyo bei yangu ya chini, na kwa kuwa dereva wake alikuwa mumewe, na mumewe hakutaka kuonekana kwenye mikutano ya mpinzani wa chama chake, kila tulipofika mahali mzee aliegesha gari mbali, akabaki ndani na gazeti. Mimi nikawa mpiga spika na mlinzi.

Katika kijiji kimoja upande wa Kinango, kwenye ukame, watu walitusikiliza kwa adabu sana, wanawake wakiwa wamekaa chini na wazee kwenye viti. Sista aliwasalimu kwa Kiduruma, akakosea, wakamsahihisha, akarudia mpaka akapata. Ikawa nusu ya mkutano ni kujifunza kusalimu. Mzee mmoja akainua fimbo akauliza, "Gavana tunamjua. Mbunge tunamjua. Mwakilishi wa wadi tunamjua, nyumba yake ni ile pale. Huyu seneta ni nani? Maana tunampigia kura kila mara, na sijawahi kujua ni wa nini."

Sista alifikiri. "Gavana ndiye anayepika," akasema. "Seneta ndiye anayeonja, aseme kama kumetiwa chumvi au hakukutiwa."

"Na akionja akaona chakula ni kibovu?"

"Aseme."

"Akiogopa kusema?"

"Basi mmetuma mlaji, hamkutuma mwonjaji."

Wakacheka, mzee akarudi kukaa akitikisa kichwa kwa kuridhika. Mkutano ulipokwisha walimpa zawadi kwa heshima kubwa, kama desturi ilivyo: jogoo, mwekundu, mzima, mwenye hasira. Nilimwona Sista uso ukimbadilika. Kukataa zawadi ya watu wale ni kuwatukana. Akanyoosha mikono yote miwili, akampokea, akamshika kifuani mbele ya watu wote, akawashukuru kwa maneno marefu yasiyotetemeka. Akatembea naye mpaka kwenye gari. Mlango ulipofungwa alimwachia mumewe jogoo mapajani, akaegemea kiti na kufumba macho, na hatukumsikia tena mpaka tulipofika lami.

Ukunda kulikuwa na mambo mengine. Pale watu hawakai chini, na hawakusubiri umalize sentensi. Alikuwa ameanza tu kueleza habari ya nyumba ya kusubiri, kijana mmoja wa bodaboda akapiga honi na kusema kwa Sheng ya vijana wa mjini, akitaka hela za mkutano, "Mathe, wachana na story za hosi. Unatuachia nini leo?"

Sista akamkagua uso. Akashusha kipaza sauti. "Mama yako si yule aliyekuwa akifanya kazi ya kufua kwenye hoteli pale Diani, wa kutoka Kisumu? Mwenye pengo?"

Kijana akaondoa mkono kwenye honi.

"Wewe ulikuja miguu mbele," akasema Sista, na sasa kipaza sauti kilikuwa mdomoni. "Asubuhi nzima tulikaa na wewe, mimi na mama yako. Sote tulikwisha kata tamaa, wewe huna haraka. Nikakutoa kwa mikono hii. Leo waniuliza nakuachia nini."

Stendi nzima iliangua kicheko. Kijana, ambaye wenzake walimwita Brayo, alicheka pia, akainamisha kichwa kwenye usukani wa pikipiki yake. Kesho yake alikuja Msambweni na wenzake kumi na kitu, pikipiki zimefungwa mabeseni ya plastiki mbele. Wakawa msafara wake. Sista aliwalazimisha wote wavae kofia ngumu, jambo ambalo lilipunguza idadi yao kidogo.

Hesabu yake ya ushindi ilikuwa nyepesi. Alikuwa amezalisha watu wengi kuliko kura zinazohitajika. Nilipojaribu kumweleza kwamba mtu hakumbuki aliyemzalisha, alinitazama kana kwamba nimesema mtu hakumbuki kwao.

Uchaguzi ulipita kwa amani. Asubuhi iliyofuata, baada ya sala ya alfajiri na chai, alikuja kunigongea akasema twende shuleni tukasome matokeo ya kituo chetu, yamebandikwa mlangoni. Ni shule ya msingi iliyo nyuma ya nyumba zetu. Darasa lile watoto wa mtaa wote wamesomea, na wengi wao mikono ya kwanza iliyowashika duniani ni yake.

Karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa bluu. Sista akavaa miwani, akaweka kidole kwenye jina lake na kukivuta polepole mpaka kwenye namba. Akavua miwani, akaifuta kwa ushungi, akaivaa tena. Namba haikubadilika. Mwenye helikopta alikuwa amempita kwa mbali. Na aliyemfuata pia alikuwa amempita, mtu wa Kwale mjini ambaye hakuwahi hata kufika kwetu kuomba kura.

Nikasema huenda watu hawakumtambua, maana kwenye karatasi ya kura liliandikwa jina lake kamili ambalo hakuna anayelijua, na kwenye picha alikuwa akitabasamu bila miwani. Sikuwa natania. Baadaye watu kadhaa waliniambia kwa uchungu wa kweli kwamba walimtafuta Sista kwenye karatasi hawakumwona.

"Walinitambua," akasema. "Mwalimu mkuu alinitambua, maana jana alinikwepa macho."

Tukarudi nyumbani. Barazani mumewe alikuwa amekaa na redio zote mbili zimezimwa. Alipomwona mkewe uso, akasimama. Halafu mzee yule mrefu, niliyekuwa sijawahi kumwona hata akipandisha sauti, akaketi tena na kuanza kulia kama mtoto, machozi yakimdondoka kwenye shati.

"Ulimpigia nani?" Sista akamwuliza.

"Chama," akasema, akilia. "Nilikipigia chama, Sista."

"Na mbona unalia?"

"Nilidhani wengine watakupigia."

Sista akamtazama, na mimi nikaona mabega yake yanaanza kutikisika, nikadhani naye analia. Alikuwa akicheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Akaketi karibu na mumewe, akampa upindo wa ushungi wake ajifute. Nikaondoka kwa kuwa sikuona tena kazi yangu pale.

Matokeo ya kaunti nzima yalichukua muda zaidi, na muda huo ndio ulioleta hatari. Gari lililokuwa likileta masanduku ya kura kutoka upande wa Vanga lilikwama kwenye matope na kuchelewa kufika Kwale. Mpaka habari ifike Ukunda, gari lilikuwa halikukwama bali limefichwa, na kura za Sista zimemwagwa kwenye mikoko. Asubuhi ya siku ya pili Brayo na wenzake, na wengine wengi ambao hatukuwajua, walikuwa wameweka matairi na magogo barabarani mahali pa kuingilia mji wetu. Walikuwa na kiberiti na mafuta. Malori ya miwa yalikuwa yamesimama upande mmoja, magari ya watalii upande mwingine. Polisi walikuwa wameshafika na kujipanga wakiwa wamevaa kofia zao za chuma. Kijana mmoja alikuwa ameokota jiwe, na wote tulikuwa tukilitazama jiwe lile.

Mimi ndiye niliyekwenda kumwita. Akaniuliza swali moja tu: "Spika zako zina chaji?"

Mzee alitupeleka kwa pikapu yake, na safari hii hakuegesha mbali. Alipita katikati ya watu mpaka kwenye matairi, akazima injini. Sista akapanda nyuma ya pikapu, nikampa kipaza sauti. Vijana wakaanza kuimba jina lake na kupiga mabeseni. Akangoja wachoke.

"Nani kaniibia kura?" akauliza.

Wakamtaja mwenye helikopta, wakaitaja tume, wakataja watu wengine ambao hawahusiki.

"Wakala wangu wa Vanga ni mpwa wangu," akasema. "Gari lilikwama, naye alilisukuma. Ana matope mpaka masikioni. Lakini tuyaache ya Vanga. Niwaambieni ya hapa." Akanyoosha mkono kuelekea shuleni. "Kituo changu. Nyuma ya choo changu. Jana nilikwenda kusoma, huyu fundi alikuwepo. Nimeshindwa. Si kwa kidogo. Nimeshindwa na mtu wa helikopta, nikashindwa na mtu asiyejua hata njia ya kuja kwetu. Pale nani kaniibia? Kuku?"

Watu wachache wakacheka, kwa wasiwasi.

"Mume wangu huyu hapa. Baba, simama wakuone."

Mzee akatoka kwenye gari, akasimama kando ya mlango na kofia ya chama chake mkononi.

"Ulimpigia nani?"

Nilidhani atakufa kwa haya. Lakini alijinyoosha, akajibu kwa sauti iliyosikika bila spika, "Nilikipigia chama."

Hapo barabara nzima ilicheka, vijana, madereva wa malori, hata polisi mmoja alilazimika kugeuka nyuma. Sista akangoja tena.

"Nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hii sikuipata kura yake, niende kuitafuta kwenye mikoko ya Vanga? Watu wamenipima. Wameona kwa kuzalisha nafaa, kwa Seneti wamtume mwingine. Wamekosea, na nitaendelea kuwaambia wamekosea. Lakini hawakuiba. Brayo, njoo hapa mwanangu."

Brayo akaja, macho mekundu. "Lakini Sista, sisi tulikupigia," akasema, na Sheng yake yote ilikuwa imemtoka. "Mimi nilikupigia. Mara yangu ya kwanza kupiga kura."

Aliposikia hivyo ndipo sauti ya Sista ilipokatika kidogo, mara ile moja tu. Aliinama kwenye ukingo wa pikapu akamshika shavu. "Na kura hiyo imehesabiwa," akamwambia. "Ipo pale Ukunda, imeandikwa. Ukichoma tairi hili watasema kura yangu ilikuwa ya wachoma matairi. Nisitirie kura yangu."

Brayo akayageukia matairi. Kisha akainama, akashika tairi la kwanza, akaanza kulivingirisha kando. Wenzake wakamtazama, wakanung'unika, wakamfuata. Yule mwenye jiwe akalitia mfukoni, nadhani kwa kukosa pa kuliweka, akatembea nalo suruali ikimwelemea upande mmoja.

Matokeo yalipotangazwa rasmi Kwale, Sista alikuwa ukumbini. Alikwenda kumpongeza mshindi, akamshika mkono, na mkono huo hakuuachia mpaka alipomaliza kumweleza habari ya nyumba ya kusubiri tangu mwanzo hadi mwisho, kamera zote zikiwatazama. Seneta mteule alisema ni wazo zuri. Sista akafumba macho na kupumua.

Hakungoja. Mwezi uleule alivitoa vyumba viwili vya nyuma ya nyumba yake, vya watoto wake waliokwisha kuhama, akatia vitanda. Mabeseni ya kampeni yalikuwa mengi, akayatumia kuogeshea. Wanawake wakaanza kuja, mmoja mmoja kisha wawili wawili, na asubuhi mzee ndiye aliyewapikia uji. Uji wake una mabonge, na Sista huwaambia wageni mabonge hayo ni dawa. Redio bado ni mbili. Nimesikia wajawazito wakibishana siasa barazani pale mpaka mzee anainua mkono kuomba amani.

Habari ya kushindwa kwake aliifanya hadithi ya kuwachekeshea. Kila anapoisimulia, kura alizopata pale shuleni zinapungua. Mwanzo alikuwa akitaja idadi ya kweli. Mwaka uliofuata zilikuwa zimebaki nusu. Juzi nimemsikia akimwambia msichana mmoja wa Vanga kwamba alipata tatu, na mojawapo ilikuwa imeharibika. Msichana alicheka akishika tumbo, na Sista akamkazia macho kuona kama ni kicheko tu au uchungu umeanza.

Mara ya mwisho nilipokaa naye, ikiwa nitasema tulikaa, ilikuwa Kinondo, siku za kuandikisha wapiga kura. Nilikuwa nimekwenda kufunga mahema ya harusi. Nilipopita karibu na ofisi ya chifu nilimwona langoni, juani, amewazuia vijana wawili waliokuwa wakienda kucheza mpira, akiwauliza vitambulisho vyao viko wapi. Mmoja alisema kura haisaidii kitu. Sista akamjibu kwa utaratibu, bila kumgombeza, kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akimvumilia mtu. Vijana wakaingia. Kama ni kwa kushawishika au kwa kuchoka, sijui.

Amezeeka. Magoti yanamsumbua, na alikuwa akihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule. Nikaenda duka la jirani nikaazima kiti cha plastiki, nikamwekea kivulini.

"Shikamoo, Sista. Kaa basi upumzike."

"Marahaba, mwanangu," akasema, bila kukitazama kiti. Macho yake yalikuwa njiani, ambako wasichana watatu walikuwa wakija na ndoo zao.

Nikamwuliza swali ambalo Msambweni nzima inaliuliza kichinichini. "Uchaguzi ujao, Sista, utasimama tena?"

Akanigeukia, akanitazama juu hadi chini kana kwamba nimechelewa kliniki.

"Kwani umeniona nimekaa?"

Wasichana walikuwa wamefika. Akawaendea. Nikakibeba kiti, nikakirudisha dukani.